Kipimo cha Mkemia

Mwaka 1987 jarida la Phytochemistry lilichapa taarifa ya utafiti kuhusu mmea uitwao Uvaria pandensis. Ni mmea wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, na sehemu ya pili ya jina lake imetokana na msitu wa Pande, kaskazini magharibi mwa Dar es Salaam. Ndani yake wakemia walikuta molekuli kadhaa, na mojawapo wakaipa jina la pandoksidi. Wa kwanza katika orodha ya waandishi alikuwa Mayunga H. H. Nkunya, wa Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaolijua jina hilo hawakulijua kwa sababu ya pandoksidi. Walilisikia miaka mingi baadaye kwenye habari za ithibati za vyuo vikuu na mitaala, Profesa Nkunya alipokuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na kisha wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala. Tumezoea kusimulia safari ya namna hii kana kwamba mtu ameishi maisha mawili: alikuwa mwanasayansi, kisha akawa mkubwa. Kwa maoni yangu usimulizi huo unapotosha. Mengi ya yale aliyokuja kuyafanya ofisini yana mizizi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ya miaka ya 1980, na hasa katika yale ambayo maabara hiyo haikuwa nayo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana ndiyo isiyojulikana. Mkemia wa mimea haanzi na dawa wala na ugonjwa, anaanza na gunia la maganda. Kwanza mmea lazima utambuliwe na mtu wa mimea, na sampuli yake ihifadhiwe ili yeyote atakayetilia shaka aende kuitazama. Mlimani kazi hiyo ilifanywa na Leonard Mwasumbi wa hebaria ya chuo, ambaye jina lake limo katika tafiti nyingi za wakati ule. Maganda hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa kwenye kiyeyushi. Vinavyoyeyuka hutolewa, kiyeyushi hufukizwa, na kinachobaki ni ute mzito wa rangi ya kahawia au kijani iliyokolea. Ndani ya ute huo mna mamia ya vitu vilivyochanganyika. Kazi ni kuvitenganisha, kimoja baada ya kingine, mpaka upate kimoja peke yake.

Hapo ndipo uvumilivu wa mkemia unapopimwa. Ute huwekwa juu ya mnara wa kioo uliojazwa unga wa silika, na viyeyushi humiminwa taratibu kutoka juu. Kila kitu katika mchanganyiko hung'ang'ania silika kwa nguvu yake, kwa hiyo vingine hushuka upesi na vingine hukawia. Chini kuna chupa ndogondogo, nyingi, zinazokinga matone. Tone kutoka kila chupa huwekwa kwenye sahani nyembamba ya silika, sahani ikatazamwa chini ya taa ya urujuanimno, au ikapuliziwa dawa na kupashwa moto ili madoa yajitokeze kwa rangi zake. Doa moja maana yake huenda umefika. Madoa mawili yaliyokaribiana maana yake unarudia. Katika kilo kadhaa za maganda huenda mtu akaishia na miligramu chache za fuwele nyeupe, na kama kiyeyushi kilikuwa na uchafu, fuwele hizo zinaweza kuwa ni uchafu wenyewe.

Fuwele zikishapatikana, swali la kweli ndipo linapoanza: hiki ni kitu gani? Molekuli haionekani. Umbo lake hujulikana kwa ushahidi wa kuzunguka: uzito wake, namna inavyovunjika, mwanga inaoufyonza, na zaidi ya yote namna viini vya atomu zake za hidrojeni na kaboni vinavyojibu vikiwekwa ndani ya sumaku kali. Mashine za sumaku ya aina hiyo ni ghali, na zile zenye nguvu hupozwa kwa heli iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Heli hiyo hugeuka mvuke siku zote, mashine ikitumika au isipotumika. Chuo kinachonunua mashine bila kuwa na uhakika wa heli kinajinunulia pambo. Tanzania ya miaka ya 1980, yenye uhaba wa fedha za kigeni, haikuwa mahali pa kuendesha mashine za namna hiyo.

Sasa tazama orodha ya waandishi wa taarifa ile ya pandoksidi. Yumo Hans Weenen, aliyeshirikiana na Nkunya katika tafiti nyingi za miaka ile, na yumo Binne Zwanenburg wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi. Katika tafiti nyingine, ikiwemo ile ya tanzanini, molekuli waliyoipata katika Uvaria tanzaniae, anaonekana Hans Achenbach wa Ujerumani. Mmea ni wa Tanzania, utenganishaji ni wa Mlimani, lakini ushahidi wa mwisho wa umbo ulihitaji mashine za Ulaya na watu wa kuzisoma. Mkemia wa Dar es Salaam aliyetaka kuchapisha ilimpasa awe mwanadiplomasia. Alipaswa kujua nani ana mashine, nani yuko tayari kupokea bahasha yenye chupa ndogo, na namna ya kuandika makubaliano ambayo mwisho wake jina la mtu wa Dar es Salaam halitatupwa mwishoni mwa orodha. Sijui kama vyuo vyetu vinafundisha ujuzi huo mpaka leo.

Malaria ndiyo iliyoipa kazi hii uzito mbele ya umma. Usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini ulianza kuripotiwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na muongo uliofuata dawa hiyo iliyozoeleka kila nyumba ikaanza kushindwa. Mwaka 1990 jarida la Planta Medica lilichapa utafiti wa Weenen, Nkunya na wenzao, ambao walijaribisha mimea ya dawa ya Tanzania dhidi ya vimelea vya Plasmodium falciparum vya aina ya K1, ambavyo ni sugu kwa dawa zaidi ya moja. Majaribio ya vimelea yalimhusisha mtafiti wa London, D. H. Bray.

Matokeo yaliyojitokeza zaidi yalikuwa ya mimea mitatu: Hoslundia opposita, kichaka cha kawaida katika nchi za joto za Afrika, Lantana camara, mmea wa kuletwa kutoka Amerika ambao watu huufanya ua, na ndago, gugu ambalo mkulima yeyote wa pwani hulilaani kwa kuota tena kila linapong'olewa. Dondoo za mizizi ya hivyo vichaka viwili, na za viazi vidogo vya ndago, zilizuia nusu ya ukuaji wa vimelea kwa kiwango cha kati ya mikrogramu 5 na 9 katika mililita moja.

Gazeti lisilo na haraka ya kuelewa lingeandika kwamba ndago inatibu malaria. Watafiti hawakuandika hivyo, na inafaa kuonyesha kwa nini. Kiwango hicho ni cha kutia moyo kwa dondoo ghafi, lakini klorokwini kwa vimelea visivyo sugu hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno kuliko hicho, mara mamia. Halafu bomba la majaribio si mwili. Wenyewe waliendelea kuchambua ni kipi hasa ndani ya mimea kinachoua vimelea, na katika taarifa ya pili ya mwaka uleule walionyesha kwamba viambato kadhaa vyenye nguvu vilishiriki jambo moja la kimaumbile: atomu ya oksijeni iliyoshikana na kaboni kwa kifungo maradufu, na kando yake jozi ya kaboni zilizounganishwa vivyo hivyo. Sehemu ya molekuli iliyoundwa hivyo hupenda kujishikiza kwenye salfa iliyomo katika protini. Protini za kimelea zina salfa. Protini zako na zangu zinayo pia. Kwa maneno mengine, kile kinachoipa molekuli nguvu ndicho kinachoweza kuifanya sumu kwa mgonjwa, na mkemia anayelisema hilo mapema anapunguza nafasi yake ya kusifiwa lakini anawaokoa wengine na miaka ya kupotea.

Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001, na miaka michache baadaye ikahamia dawa ya mseto yenye asili ya artemisini, molekuli iliyotoka katika mmea wa China. Hakuna dawa iliyotoka Pande. Wapo watakaouliza, basi ile kazi yote ilikuwa ya nini? Swali hilo ni halali, ila linasahau kwamba artemisini yenyewe ilipatikana katikati ya mimea mingi mno iliyochunguzwa na kuachwa. Utafiti wa mimea huishi kwa majibu ya hapana yaliyoandikwa vizuri.

Kutoka katika upungufu ule wa mashine ulizaliwa mtandao. Mwaka 1984 wakemia wa nchi kadhaa za ukanda huu waliunda NAPRECA, mtandao wa utafiti wa viambato asilia wa Afrika Mashariki na ya Kati, na Nkunya alikuja kuwa Katibu Mtendaji wake. Jina ni kubwa, shughuli zilikuwa za kawaida: makongamano, mafunzo ya muda mfupi, mwanafunzi wa nchi moja kwenda kutumia kifaa kilicho nchi nyingine, nafasi za kusoma uzamili na uzamivu. Faida yake ilikuwa kwamba Dar es Salaam, Nairobi na Addis Ababa zilianza kutazamana zenyewe kwa zenyewe, badala ya kila moja kutazama Ulaya kivyake. Kuongoza chombo kama hicho ni kushughulika na ada zisizolipwa na viza zilizochelewa, na kuwaridhisha wafadhili bila kuwageuza wenye mali. Ukiniuliza Nkunya alijifunzia wapi ukatibu mtendaji, nitakuelekeza hapo kabla ya kukutajia ofisi yoyote ya serikali.

Mlimani kwenyewe mambo yalikuwa yakibadilika. Chuo kilichoanza mwaka 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963 na kusimama peke yake mwaka 1970, kiliingia miaka ya 1990 na mpango mkubwa wa mageuzi chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Matthew Luhanga. Nkunya alipanda hadi kuwa Ofisa Mkuu Taaluma, yaani msimamizi wa ufundishaji, mitihani na utafiti wa chuo kizima.

Wakati huohuo Mlimani hapakuwa tena peke yake. Chuo Kikuu cha Sokoine kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria katika miaka ya 1990, na vyuo binafsi vikafuata, kikiwemo Mtakatifu Augustino cha Mwanza. Mwaka 2007 Dodoma ikapata chuo kikubwa cha umma. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 ndiyo iliyoiunda TCU, na katika miaka yake ya mwanzo mtendaji wake mkuu alikuwa mkemia huyu.

Ithibati ni kazi isiyopendwa. Ukimnyima mtu kibali cha kufungua kozi ya sheria katika jengo lisilo na maktaba, utaitwa mpinga maendeleo. Ukimpa, miaka mitano baadaye wahitimu wake watarudi kwako wakilia. Msingi wake lakini ni uleule wa chupa za matone. Huwezi kusema vitu viwili ni sawa mpaka uwe na kipimo kimoja kwa vyote viwili. Katika mfumo ambao Tanzania iliujenga, kipimo hicho ni saa za kazi ya mwanafunzi: kila saa 10 za kusoma, za darasani na za peke yake, huhesabiwa krediti moja, mwaka mzima ni krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haiwezi kuwa chini ya 360. Ukiwa na hesabu hiyo unaweza kuuliza swali ambalo zamani halikuulizika, kwamba kozi yenye jina moja katika vyuo viwili inampa mwanafunzi kazi kiasi gani.

Udhaifu wa kipimo hicho unaonekana mara moja kwa yeyote aliyewahi kufundisha. Saa huhesabu muda, hazihesabu alichoelewa mtu. Chuo kinaweza kujaza fomu vizuri na kufundisha vibaya. Katika kemia kuna ukaguzi wa pili, kwa kuwa molekuli ikipimwa Nijmegen na ikipimwa Nairobi lazima itoe jibu moja. Shahada haina ukaguzi wa namna hiyo isipokuwa macho ya wahadhiri kutoka nje, ambao nao ni wachache na wanafahamiana.

Kuna upande mwingine ambao wasifu wa heshima huuruka. Profesa anapoingia ofisini, maabara hupoteza mtu aliyechukua miaka 20 kutengenezwa. Vyuo vyetu vinalipa ukubwa kuliko vinavyolipa ugunduzi, gari na posho vinamfuata mkurugenzi wala havimfuati mtafiti, kwa hiyo mwanasayansi bora huondolewa mahali anapofaa zaidi na kupongezwa kwa hilo. Naona ni hasara, na haifutwi na ukweli kwamba baadhi yao, kama huyu, walikuja kuwa watendaji hodari. Kinachopunguza machungu ni wanafunzi. Mwaka 2021 Journal of Natural Products lilichapa utafiti mpya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Ulaya kuhusu maganda ya shina na mizizi ya mmea uleule wa Pande, wenye molekuli za jamii ileile ya pandoksidi, yaani pete za kaboni sita zilizobeba oksijeni. Safari hii swali lilielekezwa kwa bakteria. Idara ilikuwa imeshikwa na mikono mingine.

Kampala ilikuwa kazi ngumu zaidi kwa sababu ilikuwa na serikali tano ndani yake. Baraza la Vyuo Vikuu lilianzishwa mwaka 1980, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa imeshavunjika miaka mitatu kabla. Lilidumu kama kiungo dhaifu kati ya vyuo vilivyowahi kuwa kimoja, mpaka sheria ya mwaka 2009 ya Jumuiya mpya ilipolipa nguvu. Nkunya aliliongoza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2010, hadi 2015. Tatizo alilolikuta linaelezeka kwa mfano wa vijana wawili. Wa Kenya, aliyesoma miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, alikuwa akiingia chuoni moja kwa moja na kusoma shahada ya miaka minne. Wa Tanzania alisoma saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita, kisha shahada ya mitatu. Jumla zote mbili ni miaka 16, ila ukitazama shahada peke yake mmoja anaonekana amepungukiwa mwaka. Ongeza Rwanda na Burundi zenye urithi wa Kifaransa, na hapo ndipo utaona kwa nini mhitimu alivuka mpaka na cheti kikabaki upande wa pili.

Jibu lililotafutwa lilikuwa mfumo mmoja wa sifa za elimu ya juu kwa ukanda wote, unaotazama kile mhitimu anachopaswa kuweza na uzito wa masomo yake, sio idadi ya miaka peke yake. Mfumo huo ulipitishwa mwaka 2015. Kabla yake kulikuwa na miaka ya mafunzo ya uhakiki wa ubora, yaliyofanywa kwa msaada wa Wajerumani, yaliyowafundisha wahadhiri wa nchi zote tano kukagua kozi kwa mwongozo mmoja.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 2014, zililipuka namba. Magazeti yaliripoti kutoka katika utafiti wa Baraza kwamba asilimia 63 ya wahitimu wa Uganda hawakuwa na stadi za soko la ajira, Tanzania 61, Burundi 55, Rwanda 52 na Kenya 51. Wachache waliuliza namba zilipimaje. Zilikuwa ni maoni ya waajiri kuhusu watu waliowaona, hazikuwa mtihani waliopewa wahitimu. Mwajiri anayelalamika kwamba kijana hajui kazi huenda anasema kweli, na huenda pia hataki kugharimia miezi sita ya kumfundisha. Halafu tofauti ya 51 na 55 katika maoni ya namna hiyo inaweza isiwe tofauti kabisa. Mtu aliyelelewa na sahani za silika angetaka kujua doa lile ni kitu kimoja au viwili kabla ya kulipa jina. Habari zilipokwisha kutoka, nafasi ya kuuliza hivyo haikuwepo, na mpaka leo asilimia hizo zinanukuliwa kwenye hotuba kama vipimo vya damu.

Mei 2017, wakuu wa nchi wakiwa Dar es Salaam, walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Nkunya alikuwa ameshaondoka Kampala. Tangazo liliegemea kazi ya miaka mingi ya mezani, lakini kuitambua shahada ya jirani bado ni uamuzi wa tume ya kila nchi, na kumpa leseni daktari, mhandisi au wakili bado ni kazi ya bodi yake ya taaluma, yenye sheria yake na wanachama wake wa kulinda. Mfumo wa sifa unaweza kuonyesha kwamba krediti za chuo cha Morogoro, Tanzania, na za chuo cha Eldoret, Kenya, zina uzito mmoja. Bodi ya wahandisi haikuahidi popote kwamba itausoma.